Nyama ya Siku ya Kwanza

Alfajiri Kanyere alikwenda kuchota maji. Aliporudi nyumbani, pale Kibua, alimkuta kaka yake Muhindo amekufa kitandani. Bakuli la asali lilikuwa mezani, bado limefunikwa. Juu ya kidonda cha paja palikuwa pamefungwa nyama mbichi.

Hakugusa nyama wala bakuli. Aliifunika maiti, akamwita polisi Albert.

Muhindo alikuwa amekatwa panga na watu waliofunika nyuso, kwenye barabara ya Itebero. Aliyemleta ni Jérôme, dereva mwenzake. Kituo cha afya kilikuwa kimeporwa, kwa hiyo Kabera, mwalimu wa historia, alimtibu kama waganga wa Misri ya kale: siku ya kwanza nyama mbichi, kisha asali na pamba kila asubuhi. Asali aliipaka Kanyere mwenyewe. Homa ilishuka, na jana Muhindo alianza kuongea.

Habari ilienea. Watu wenye mawe walijaa mlangoni pa mwalimu.

"Dawa yake ya Farao njo imemuua," mama mmoja alisema.

"Na Farao mwenyewe iko wapi? Alikufa," mwingine akajibu.

Albert alimtoa Kabera katikati yao, akamleta kwa Kanyere. Jérôme alikuwa ameshafika kutoa pole. Albert aliifungua nyama. Kidonda kilikuwa kikavu, hakina usaha. Lakini kwenye meno ya marehemu kulinasa nyuzi za mto wa kulalia.

"Walimuziba pumzi," Albert alisema.

Kanyere alimgeukia Jérôme.

"Papa Jérôme, ulifika hapa mara ya mwisho lini?"

"Siku tulimuleta. Nikaenda Walikale, nimerudi jana."

"Mwalimu aliweka nini kwa kidonda?"

"Nyama. Si iko pale?"

"Siku ile tulikuwa watatu tu: wewe, mimi na mwalimu. Sisi wawili tunajua nyama ilitoka kesho yake. Mwenye kuirudisha hakujua habari ya asali."

Jérôme aliangalia mlango. Albert alikuwa amesimama hapo.

"Kitambaa kilinianguka usoni kule barabarani," Jérôme alisema polepole. "Akaniona. Nilimubeba sababu watu walitokea. Nilizani atakufa njiani. Angenitaja, na wenzangu wale wa bunduki wangeniua nisiwataje. Nikataka museme ni dawa."

"Alikuita ndugu," Kanyere alisema.

Jérôme alipelekwa mahabusu Walikale. Wenzake hawajakamatwa. Kituo cha afya bado kimefungwa, na kila asubuhi Kanyere huchemsha vitambaa vya wagonjwa kwa mwalimu Kabera, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.