Gitaa la Pili la Mabruki

Kuluthumu alikuwa akitwanga kisamvu shemeji yake Saidi alipoingia uani, santuri kwapani.

"Wameitoa upya, shemeji! Santuri ya kaka. Imeshuka na treni ya leo."

Mchi ukasimama. Mabruki, mumewe, aliirekodi mwaka wa sitini na nne: gitaa peke yake, bila bendi, bila ngoma. Kila mpiga jazi aliyeisikia alianza upya kujifunza. Wiki moja baadaye Mabruki alikufa, vidole vimechanika. Watu wa Tabora walisema jini la njia ya misafara lilimfanya mpagazi wake, mbeba mizigo. Kuluthumu alivunja kila nakala aliyoipata.

"Irudishe."

"Nirudishe jina la kaka yangu?"

Ilikuwa Alhamisi. Mama mkwe, Bi Maua, alifanya kama kila Alhamisi kwa marehemu: akafukiza ubani. Safari hii aliweka chetezo mbele ya gramafoni, akaipachika ile santuri, akaiwasha. Alimkaribisha mwanawe, aliyeitikia hakuwa mwanawe.

Gitaa likalia. Kisha likalia la pili.

"Si alipiga peke yake?" Saidi alinong'ona.

Jua lilikuwa bado ukutani, lakini chumba kilinuka vumbi na jasho la watu waliotembea mwezi mzima, na chini ya muziki zikasikika nyayo, mamia ya nyayo, zikija, zikizidi kuja, na Tatu, binti wa Kuluthumu ambaye hakuwahi kushika gitaa, alikwishalitungua la baba yake na kuufuata wimbo bila kukosea, macho meupe, damu ikimdondoka vidoleni mpaka kwenye kanga.

Kuluthumu akamwagia chetezo maji. Akainua sindano. Muziki haukukoma.

"Nataka mpagazi," Tatu alisema kwa sauti ya mwanamume.

"Usibishane nalo, mwanangu," Bi Maua alinong'ona.

"Nitabishana." Kuluthumu akaikamata mikono ya binti. "Sikia wewe! Misafara imekwisha. Nchi hii ina miaka kumi na mitatu ya uhuru, hakuna anayebebeshwa mzigo kwa nguvu. Wa kwanza ulimchukua nikilia. Leo sina nafasi ya kulia. Mzigo wako ubebe mwenyewe!"

Akamnyang'anya gitaa. Nyayo zikasita. Tatu akamwangukia mapajani.

Baada ya magharibi wakakaa mkekani, ugali ukagawiwa. Kule chumbani uzi mmoja wa gitaa ukalia, taratibu. Kidole cha Tatu kikatikisika.

"Mama, linasubiri."

"Lisubiri."

Akamtia tonge mkononi, akamfumba vidole juu yake. Akahesabu: mama mkwe, shemeji, binti, yeye mwenyewe.

"Wanne. Wote tupo. Kuleni."