Feni Ilikuwa na Ufa, na Mimi Nilijua

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka thelathini na saba, na kazi yangu ni ushonaji. Ninaandika haya nikiwa nyumbani kwa kaka yangu upande wa Bomet, kwa maana kule Kiptere nilikoolewa sina tena nyumba. Wasomaji wenzangu, msinihurumie kabla hamjasikia. Wa kuhurumiwa katika mkasa huu si mimi...

Mume wangu, Kipkoech, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai. Hapo alifanya kazi na Odhiambo, fundi mwenzake wa kabila jingine, aliyetoka kando ya ziwa na kuishi na mkewe Akinyi katika nyumba za wafanyakazi. Hao wawili walipendana sana. Odhiambo alikula kwetu, alikunywa mursik yetu, maziwa ya mgando, bila kukunja uso, na watoto wangu walimwita baba mdogo.

Kati ya kijiji chetu na kituo cha kuuzia majani chai kuna kinamasi kikubwa. Mashua haipiti kwa sababu ya matope na matete, na ukitembea unazama hadi magotini. Sisi wanawake tulivuka hivyo hivyo na vikapu vya majani mgongoni, au tulizunguka mwendo wa saa mbili. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati wa mvua kubwa. Wanaume wakambeba kwa machela kupitia matope yale... Mama alipona. Mtoto hakupona! Kipkoech alikuwa mmoja wa wabebaji. Alirudi akiwa na matope hadi kifuani, akakaa mlangoni, na hakula chochote.

Wiki chache baadaye Odhiambo alimletea gazeti kuukuu lenye picha ya hovakrafti. Ni chombo kisicho na magurudumu. Feni kubwa iliyofungwa nyuma inasukuma upepo chini yake, chombo kinainuka kidogo, kisha kinateleza juu ya maji, juu ya matope, juu ya nyasi, popote. Odhiambo alisema, "Koech, hii kitu tunaweza kuunda sisi wenyewe." Nami nilicheka, nikadhani ni mchezo.

Haukuwa mchezo. Kwa muda wa karibu mwaka mzima, kila walipotoka kazini walijifungia katika banda letu la mabati. Walitengeneza sakafu ya plaiwudi, wakafunga injini ya pikipiki kuukuu, na Odhiambo akachonga feni ya mbao kwa mkono, akiisugua na kuipima hadi ikawa na uzito sawa pande zote. Pembeni palihitajika turubai la kuzuia upepo usitoroke. Wenyewe waliliita sketi. Nani angeishona kama si mimi? Niliishona mara mbili mbili kwa uzi wa viatu, sindano zikivunjika ovyo. Siku walipoiwasha mara ya kwanza bandani na ile sakafu ikainuka kutoka ardhini, nililia kwa furaha. Naapa nililia!

Basi uchungu uliingia wapi moyoni mwangu? Uliingia kwa jambo dogo sana. Watu waliizoea, wakaanza kuiita "mashine ya Odhiambo". Sokoni nikiuza nguo, mtu ananiuliza, "Mashine ya Odhiambo imefika wapi?" Banda ni letu! Mume ni wangu! Sketi nimeshona mimi! Nilianza kununa kila Odhiambo akiingia. Chai yake niliipeleka ikiwa imepoa. Kipkoech hakuona, lakini Odhiambo aliona, akainywa hivyo hivyo.

Ndipo chifu akapata habari. Alituambia kwamba Jumamosi mkubwa mmoja kutoka ofisi za Kericho angepita kwetu, na akipenda mashine ile huenda serikali ikasaidia kuunda nyingine. Nilishona gauni jipya. Niliwaambia akina mama wote wa kanisani waje wamwone mume wangu akivuka kinamasi.

Ijumaa adhuhuri, Kipkoech akiwa zamu kiwandani, Odhiambo alikuja mbio hadi kwenye cherehani yangu. Jasho lilimtoka. Maneno yake nayakumbuka yote:

"Mama Chebet, mwambie Koech asiwashe hiyo mashine kesho. Nimepangusa mafuta kwa feni nikaona ufa, hapa karibu na tundu la katikati. Ni mdogo, lakini ikizunguka kwa nguvu itapasuka. Naenda Kericho sasa hivi, kuna rafiki yangu ana mashine ya mbao. Nitachonga ingine ngumu, nirudi nayo kesho alasiri. Mgeni angoje, ama aje siku ingine. Umenisikia?"

Nikamjibu, "Nimesikia."

"Tafadhali, shemeji. Usisahau."

Sikusahau! Hiyo ndiyo aibu yangu. Ningekuwa nimesahau, leo ningelala usingizi. Alipoondoka nilikaa pale nikifikiria gauni langu, na akina mama wa kanisa, na mgeni ambaye huenda asirudi tena. Nikajiambia kwamba Odhiambo anataka tu shughuli isianze bila yeye. Anataka iendelee kuitwa mashine yake. Ufa gani huo ambao mume wangu hajauona?

Jioni Kipkoech alirudi akauliza, "Odhiambo yuko wapi? Amesema nini?"

Nilikuwa nikimenya viazi. Sikuinua macho. Nikasema, "Ameenda Kericho kuona mtu. Amesema uendelee tu."

Amesema uendelee tu... Maneno matatu! Yalitoka kinywani mwangu kwa wepesi wa ajabu.

Jumamosi asubuhi watu walijaa kando ya kinamasi. Chifu alikuwepo, mgeni alikuwepo na viatu vyake vya ngozi. Kipkoech alivuta kamba ya kuwashia, injini ikanguruma, matete yakalala kwa upepo. Mimi nilisimama mbele kabisa katika gauni langu jipya. Kila injini ilipobadilisha sauti, niliitazama feni. Mashine ikainuka. Ikaingia juu ya matope. Ikateleza! Ikafika ng'ambo, ikageuka, ikarudi. Watu walipiga vigelegele, mgeni akapiga makofi, nami pumzi zikanirudia. Nikasema moyoni, umeona? Hakuna ufa. Ulikuwa uongo.

Kisha mama mkwe wangu akajitokeza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nguvu, aliyebeba majani ya chai kuvuka kinamasi kile tangu ujana wake. Alinipenda. Nilipojifungua kifungua mimba wangu, yeye ndiye aliyenikanda. Sasa alikuwa anacheka kama msichana, akisema, "Na mimi nivushwe leo bila matope!" Wakampandisha, wakamketisha nyuma ya Kipkoech, mgongo wake ukiielekea feni.

Hapo, wasomaji, Mungu alinipa nafasi ya mwisho. Nilifungua mdomo. Lilikuwa neno moja tu, "Ngojeni!" Lakini nikaona watu wakinitazama, nikaona mgeni anatabasamu, nikafikiri nitaulizwa kwa nini sikusema jana... Nikaufunga mdomo.

Injini ilipandishwa ili ibebe uzito wa watu wawili. Walikuwa hawajafika katikati niliposikia mlio kama wa mti ukivunjika. Feni ilipasuka vipande! Kimoja kiliruka juu kikaanguka majini mbali sana. Kingine kilimpiga mama mkwe nyuma ya shingo. Mashine ikaketi kwenye matope kwa kishindo, na Kipkoech akageuka kumshika mama yake, akiita, "Mama! Mama!" huku injini bado inapiga kelele.

Walimtoa kwa mikono, wakizama hadi viunoni. Tulimweka nyuma ya pikapu ya jirani kumpeleka hospitalini. Nilimshika kichwa magotini pangu. Hatukufika. Tulipoona mashamba ya chai ya karibu na mji, mkono wake ulikuwa tayari umelegea ndani ya mkono wangu.

Tuliporudi na mwili alasiri, umati ulikuwa ungali nyumbani kwetu. Na ni wakati huo huo Odhiambo alipotokea njiani, akitabasamu, amebeba feni mpya begani, ameifunga kwa gunia. Hakuwa anajua lolote!

Shemeji yangu Kipng'eno, kaka ya mume wangu, alimrukia. Alilirarua lile gunia akapaza sauti, "Tazameni! Alijua! Kama hukujua, feni mpya ni ya nini? Ulijua ile ni mbovu, ukatoroka, ukaacha mama yetu afe!"

Odhiambo aliangalia mwili, akaangalia watu, kisha akanitafuta kwa macho. "Mama Chebet," akasema, "si nilikuambia? Si nilikupa ujumbe?"

Watu wote walinigeukia. Kipkoech pia. Sitasahau macho ya mume wangu... yalikuwa yanaomba. Nami nikasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Hukuniambia kitu."

Unajua jinsi siku zile maneno ya kabila yalivyokuwa yakiwaka kwa haraka? Walimpiga. Walimpiga hadi chifu akaingilia kati na askari wake. Kabla ya jua kutua, Odhiambo na Akinyi na watoto wao walikuwa wameondoka na kile walichoweza kubeba kichwani. Kiwandani aliandikwa kuwa ametoroka kazi. Ile feni mpya ilipasuliwa kwa shoka, ikachomwa.

Nikaishi. Nilipika, nilishona, niliimba kanisani. Kipkoech hakuingia tena bandani. Akawa mtu wa hasira, na hasira yake yote ilikuwa na jina moja. Watoto walikua wakisikia mezani kwamba baba mdogo waliyempenda ndiye aliyemuua kogo wao, nyanya yao. Mimi nilikuwa papo hapo nikipakua ugali, sisemi.

Hadi mwaka jana. Binti yangu Chebet alirudishwa nyumbani na mwalimu kwa kumpiga msichana mwenzake. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila hata haya, "Yule ni wa watu wa Odhiambo. Ni wauaji." Binti yangu! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Siku iliyofuata nilisema nakwenda kununua vitambaa. Nilikuwa nimesikia kwamba Odhiambo anatengeneza pampu za maji Fort Ternan, karibu na reli. Nilimkuta Akinyi kwanza. Alinitambua, akasimama mlangoni, hakunikaribisha wala hakunifukuza. Odhiambo alikuja akifuta mikono kwa kitambaa. Mguu mmoja anauburuta tangu siku ile ya kipigo. Nilipiga magoti hapo kwenye vumbi, nikalia, nikamweleza yote.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mama Chebet, inuka. Mimi unanieleza nini? Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye nilikuambia. Kama unataka kusema, rudi ukawaambie wale."

Akarudi kwenye pampu yake. Akinyi ndiye aliyenifuata hadi barabarani. Aliniuliza swali moja tu: "Ulikuwa unamwogopa nani?"

Nilianza na Kipkoech. Hakunipiga. Ningetamani anipige! Alisema tu, "Mama yangu alikuwa anakuita binti yake," akatoka nje. Jumapili nilisimama kanisani mbele ya watu wote, nikayasema yote, ujumbe, uongo wa jioni, uongo wa mchana, tangu mwanzo hadi mwisho. Kipng'eno alitoka nje kabla sijamaliza. Akina mama niliowaalika siku ile ya kinamasi walitazama sakafu. Jumatatu nilifunga nguo zangu, nikaja huku kwa kaka yangu.

Kipkoech alikwenda Fort Ternan peke yake. Nasikia alikaa huko siku tatu. Nasikia kwamba Odhiambo alikubali kumpa mkono, lakini alikataa kurudi Kiptere, na mimi simlaumu. Watoto wangu wanakuja likizo. Wale wadogo wananikumbatia. Chebet ananisalimia kwa adabu, kama anavyowasalimia wageni.

Dada zangu, ndugu zangu mnaosoma haya... mimi sikuua kwa kisu. Niliua kwa kunyamaza, na kwa kutaka sifa ambazo hata zisingekuwa zangu. Ukipewa ujumbe wa mtu, ufikishe ulivyo, hata kama humpendi aliyekupa. Na kama tayari umeshadanganya, na kuna mtu mahali fulani anatembea na lawama yako mgongoni, nakuomba usingoje miaka minne kama mimi. Nenda leo! Utapoteza vitu, sitakuficha. Mimi nimepoteza nyumba na mume. Lakini yule mtu ana watoto pia, na kila siku unayonyamaza, wanaitwa watoto wa muuaji.