Siku za Ukuta, Siku za Mabawa

"Kama baba yako amesafiri, nani anakohoa humo ndani?"

Swali hilo mama muuza mkaa alimwuliza Chiriku asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni na debe la mkaa kichwani. Chiriku akashika jibu lililokuwa karibu.

"Ni redio, mama."

"Redio!" Mama muuza mkaa akatega sikio. Kikohozi kikaja tena, kizito, cha kifuani. "Basi ipelekeni kwa fundi hiyo redio, ina mafua." Akalitua debe, akaenda zake akitikisa kichwa.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu tangu alipojua kusema hakuishiwa maneno, kama yule ndege mdogo wa kelele. Lakini baada ya mama yake kufariki, baba na mwana walibaki peke yao katika vyumba viwili na ua wa kuanikia nguo, na maneno ya Chiriku yakawa yanapungua. Mwenye siri haongei sana, asije akateleza.

Siri yenyewe ilikuwa baba. Baba alikuwa dobi, na mtaani hapakuwa na mkono wa kunyoosha kola kama wake. Ila alikuwa na majira mawili. Kuna siku alilala ameuelekea ukuta, haogi, hali, hajibu akiitwa. Hizo Chiriku aliziita siku za ukuta. Halafu mambo yaligeuka, baba akaamka kabla ya jogoo, akafua, akaimba, akapokea nguo za kila apitaye, na usingizi asiutake hata kuusikia. Hizo zilikuwa siku za mabawa.

Nguo iliyolowekwa haijui kusubiri. Ukiisahau majini, inavunda. Kwa hiyo siku za ukuta Chiriku ndiye aliyesuuza, akakamua na kuanika kabla ya kwenda shule, na wateja akawaambia baba amesafiri. Darasani alisinzia. Wakati wa mapumziko wenzake waliruka kamba, naye alikaa kwenye ngazi akitazama vidole vyake vilivyokunjamana kwa sabuni.

"Chiriku, njoo ushike kamba!" aliita Kibonge, msichana mwenye mdomo kuliko wote darasani.

"Leo siwezi."

"Leo yako wewe haiishi. Hata jana ilikuwa leo!"

Wenzake wakacheka. Baada ya muda hawakumwita tena.

Uongo wa safari ulikatwa na pazia jekundu. Kwa haraka na usingizi, Chiriku aliliweka kwenye beseni moja na magauni meupe ya muuguzi aliyeishi mwisho wa mtaa, ambaye watu wote walimwita Sista. Pazia likachuja rangi. Sista alipokuja kuchukua nguo zake, aliinua gauni moja juani, la waridi kama ua.

"Nikiingia wodini na hili, wagonjwa watadhani nimekuja kuwachumbia," alisema. Chiriku hakucheka. Sista akamtazama vizuri, akayaona macho yaliyovimba, akakisikia kikohozi kule ndani. Akalishusha gauni. "Baba amelala hivyo tangu lini, mwanangu?"

Hapo Chiriku akalia kilio cha siku zote alizokuwa halii.

Sista akawapeleka kliniki, na daktari akaeleza kwamba ule ni ugonjwa. Si uvivu, si laana, wala hakuna aliyemroga mtu. Hisia za mgonjwa hupanda mno, kisha hushuka mno, na hali hiyo hurudi tena na tena. Dawa zipo, alisema, ila dawa ni mguu mmoja; mguu wa pili ni utaratibu. Kulala saa ileile, kuamka saa ileile, kula kwa wakati, na kazi isiyomeza usiku. Nyumbani wakajipanga. Asubuhi kufua, mchana kupumzika, alasiri kunyoosha. Jua likizama, mkaa unamwagwa kutoka kwenye pasi hata kama limebaki shati moja. Kidonge baada ya chakula cha jioni. Chiriku naye akapewa kazi moja tu.

"Ukiona baba halali, njoo uniambie," Sista alimwambia. "Usimtibu wewe. Niambie tu."

Kwa rehema za Mungu mambo yakatulia. Baba aliamka, akafanya kazi, akalala. Wateja waliokimbia wakarudi. Lakini nyumba ilikuwa kimya kama darasa wakati wa likizo. Baba hakuuelekea ukuta tena, ila kucheka pia hakucheka. Alikula akiitazama sahani.

"Shule vipi?"

"Nzuri, baba."

"Haya."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kutwa. Chiriku alimshukuru Mungu kwa baba aliyeinuka kitandani. Kisha, akiwa peke yake uani katikati ya mashuka yaliyoanikwa, alimkumbuka yule baba mwingine, wa mabawa, na akaona aibu kumkumbuka.

Baba huyo akarudi. Alasiri moja Chiriku alirudi kutoka shule akamkuta baba anacheza na shati la mteja. Ameshika mikono yote miwili ya shati, anazunguka nalo uani.

"Chiriku wangu! Njoo unipokee! Huyu bwana hajui kucheza, mgongo umejaa wanga!"

Chiriku alicheka mpaka mbavu zikamwuma. Walicheza kati ya mashuka, na baba akamwuliza habari za shule kweli kweli, nani kampiga nani, mwalimu kasema nini, ingawa alidakia kabla Chiriku hajamaliza. Akamwambia atafungua duka lenye mashine za kufulia, naye Chiriku atakuwa bosi, atakaa kwenye kiti kinachozunguka.

Jioni kidonge kilibaki mezani.

"Baba, dawa."

"Dawa ya nini? Mimi si mtu mzima? Na mtu mzima ni mzima!" Akaupenda mzaha wake mwenyewe, akapiga meza. "Umeona wapi mzima anameza dawa?" Halafu akainama karibu na sikio lake. "Usimsumbue Sista na mambo haya. Ni ya ndani, yangu na yako."

Chiriku alijua. Asubuhi alikuta shuka la kitanda cha baba halina hata mkunjo, na pasi bado ina moto. Alijua, akanyamaza. Alijiambia atakwenda kesho. Kesho ilipofika, akakumbuka ile sahani na lile "haya", akasema moyoni, acha nicheke leo tu. Mtu akikaa na baridi ya upweke muda mrefu, hata moto unaounguza nyumba yake anaweza kuuota.

Lakini mabawa yalizidi kukua. Nyimbo zilikwenda kasi hata Chiriku asiweze kuitikia, na asipoitikia alikemewa. Baba alicheka peke yake. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba mapazia, mablanketi, sare za wanafunzi, akiahidi kuzirudisha jioni ileile. Siku moja Chiriku alifungua mlango wa ua akakosa pa kukanyaga. Kila beseni, kila ndoo, hata sufuria yao ya kupikia ilikuwa na nguo zilizolowekwa. Hakuna hata moja iliyosuuzwa. Baba alikuwa katikati, anafikicha kola hii, anaiacha, anarukia soksi ile, ngozi ya vidole imechubuka. Alikuwa akizungumza bila kituo. Hakuwa akizungumza na Chiriku.

Kibonge akatokea mlangoni nyuma yake.

"Shikamoo, dobi. Nimefuata sare yangu. Kesho tuna mtihani, na ninayo hiyo moja tu."

"Sare!" baba akapaza sauti. "Sare ni za maskini, binti yangu! Nitakupa hariri! Darasa zima hariri, na mwalimu wenu hariri!"

Kibonge akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akashusha sauti.

"Chiriku, baba yako ana nini?"

Jibu la zamani likamjia Chiriku ulimini: amesafiri. Akashangaa kwamba safari hii lilikaribia kuwa kweli. Baba alikuwa mbele ya macho yake, lakini alikuwa mbali, na alikuwa akizidi kwenda. Na Chiriku aliijua njia ile ilikoishia. Iliishia ukutani.

"Ni mgonjwa," akasema.

Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa mtoto mwenzake. Kibonge, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu, mara hii alijibu kwa mikono. Akavua viatu, akakunja sketi, akachutama kwenye beseni la karibu kuitafuta sare yake. Chiriku akakimbia hadi mwisho wa mtaa.

Sista alikuja na kanga ya nyumbani, hakungoja kubadili nguo. Akasimama penye mlango wa ua.

"Kaka, umelala lini mara ya mwisho?"

"Kulala tutalala kaburini, Sista! Karibu, karibu, kanyaga popote!" Kisha baba akamwona Chiriku amejibanza nyuma ya Sista. Furaha ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye nguo iliyokamuliwa. "Umeniuza, Chiriku? Nilikuomba neno moja tu."

Chiriku akatoka nyuma ya Sista. Alitaka kusema samahani, lakini yakaja mengine.

"Nilinyamaza, baba. Nimenyamaza siku nyingi. Ukiwa na mabawa unazungumza na mimi, unacheka na mimi. Nilipenda. Lakini baadaye unaugeukia ukuta, na mimi nabaki na nani?"

Baba akainamisha kichwa. Alivitazama vidole vyake vilivyochubuka kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Kaka," Sista akasema taratibu, "hajakuuza. Umbea ni kusema ili mtu aanguke. Huyu amesema ili usianguke. Mzigo wa kuficha ulikuwa wa mtu mzima, na umeubebesha mtoto. Na ule utaratibu wa nyumba, kulala, kula, kuzima pasi jua likizama, wewe unauona jela. Wewe si dobi? Kamba ya kuanikia haiifungi nguo. Inaizuia isianguke matopeni."

Akamgeukia Chiriku, akamshika bega.

"Nawe sikia. Kusema ukweli juu ya mgonjwa si kumkosea heshima. Ungekuja siku ile ya kwanza uliyoona kitanda hakikulaliwa, leo pasingekuwa na mabeseni haya. Nimeelewa kwa nini hukuja. Upweke unauma. Lakini usiutibu upweke wako kwa ugonjwa wa baba yako. Ukiwa mpweke, sema hilo pia. Mlango wangu unaujua, na wenzako unao."

"Nipo," Kibonge akasema kutoka kwenye beseni, povu hadi viwiko. "Ila sare yangu siioni."

Sista akatabasamu kidogo. "Nguo hizi usijali. Nitapita nyumba kwa nyumba, kila mtu aje asuuze zake. Nitawaambia dobi anaumwa, kama wanavyoambiwa mtu akiwa na homa. Hakuna zaidi." Halafu akamtazama baba. "Kliniki bado iko wazi, kaka. Mimi sikushiki mkono kukuburuta. Mwanao naye hakushiki."

Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kamba. Baba alifumbua mdomo, na Chiriku akajua yanakuja maneno mengi, ya haraka, ya duka na mashine na kiti kinachozunguka. Akangoja. Baba akaufumba mdomo.

Baba akafuta mikono kwenye suruali, mmoja, kisha wa pili. Akashusha mikono ya shati iliyokuwa imekunjwa, akafunga vifungo vyake polepole, kimoja kikamshinda, akakiacha. Akamtazama Chiriku. Hakuwa na hasira usoni, na hakuwa na kicheko. Halafu akapita kati ya mabeseni, akampita Sista, akatoka nje ya ua na kushika barabara ya kwenda kliniki, bila kusema neno jingine.