Nesi wa Kwenye Dungu

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, Dativa alipanda dungu, kichanja kirefu cha miti, kila asubuhi kuwinga ndege. Alikuwa na kopo, kamba na sauti, na kweleakwelea wote wa mashamba ya Michenga waliijua sauti hiyo kuliko walivyoijua walimu wake. Familia ilikuwa imehamia shambani, kama ilivyo desturi ya bondeni msimu ule. Huko yeye ndiye aliyekuwa kipenzi cha Bibi Rosemery: ndiye aliyemkanda miguu, ndiye aliyesifiwa.

Kisha dada yake Restituta akaja likizo. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi Ifakara, na alipokanyaga tu shambani, jina lake likafa, likazaliwa "nesi". Aliyeumwa jino alimtaka nesi. Aliyechomwa mwiba alimtaka nesi. Hata mbuzi mmoja aliyekohoa aliletwa. Kuku alipochinjwa, Bibi alimpa Restituta firigisi. Dativa akapewa shingo, akaitafuna kama anayeigombeza.

Kilichomkera zaidi ni kwamba Restituta hakutoa hata kidonge kimoja. Alimtazama mgonjwa, akamuuliza maswali mengi kuliko polisi, kisha akasema yeye bado ni mwanafunzi, waende zahanati. Na watu waliondoka wakimshukuru! Dativa alimwambia Bibi kwamba "nenda zahanati" hata yeye angeweza kusema. Bibi akamjibu kuwa aanze basi kuwaambia ndege, maana wanamaliza mpunga.

Asubuhi moja, Restituta akiwa amekwenda kuchota maji, Apolonia wa shamba la jirani alifika na mwanawe Fredy mgongoni. Mtoto alikuwa akiharisha tangu usiku. Dativa alishuka mbio, akamwamkia, akakunja uso kidaktari, akamtaka amweleze yeye.

"Namtaka nesi, mama," Apolonia alisema akicheka. "Wewe kawinge ndege."

Neno hilo lilimwingia Dativa kama mwiba wa kambale. Akasema sawa, anakwenda kumuuliza dada. Akazunguka nyuma ya kibanda, akasimama na kuku, akafikiri. Baba yao akitaka jaruba likauke, huziba pale maji yanapoingilia. Basi kwa Dativa, tumbo la Fredy na jaruba la mpunga vikawa kitu kimoja. Akarudi.

"Dada kasema asinywe kitu mpaka tumbo likauke. Hata maziwa usimpe."

Apolonia akaomba nesi afikishiwe shukrani, akaondoka. Dativa akapanda tena dungu. Ushauri wake ulikuwa umefuatwa, lakini shukrani zilikuwa zimekwenda kwa Restituta, na hata hilo lilimuudhi.

Kesho yake mchana Apolonia alirudi akikimbia. Fredy alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Macho yalikuwa yameingia ndani, na kilio chake hakikuwa na machozi. Restituta alifinya taratibu ngozi ya tumbo la mtoto, ikabaki imekunjamana, haitaki kurudi. Akajaribu kumpa maji kwa kijiko, yakamwagika pembeni mwa mdomo.

"Huyu ni wa zahanati, sasa hivi," alisema.

Masanja, kijana wa bodaboda, akawapakia. Bibi akamtuma Dativa awafuate kwa baiskeli na kanga za kubadilishia.

Dativa alipofika, Muuguzi Theodosia alikuwa ameinama juu ya kitanda akitafuta mshipa wa Fredy ili amwekee dripu. Aliposikia kuwa mtoto hajanyweshwa kitu tangu jana, aliuliza ni nani aliyeagiza anyimwe maji. Apolonia alimnyooshea Restituta kidole.

"Nesi wenu huyu."

Restituta alisema hakuagiza, wala hakujua kama mtoto anaumwa mpaka alipoletwa mchana huo. Lakini nani angemwamini? Theodosia akasema akimaliza na mtoto atapiga simu chuoni, maana anayetoa ushauri wa namna ile hafai kukabidhiwa mgonjwa.

Dativa alisimama mlangoni na kanga zake. Tangu dada yake aje, alikuwa akitamani kuona watu wakimtazama Restituta kwa shaka, na sasa walimtazama hivyo. Alijaribu kufurahi, tusimsingizie, alijaribu kweli. Lakini Restituta hakujitetea tena. Alikuwa ameushika mkono wa Fredy usitikisike sindano inapoingia.

"Ni mimi," Dativa alisema. "Dada hakujua kitu. Nilitunga, nikasema kasema yeye."

Apolonia alimtazama kwa jicho ambalo Dativa hakuwahi kulipata hata kwa mwalimu wa hesabu. Dativa aliwaomba radhi wote wawili. Restituta alisema atamsamehe, ila si leo, leo bado amekasirika.

Kuelekea jioni Fredy alifumbua macho. Restituta akamwonyesha Apolonia jinsi ya kukoroga pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini katika lita nzima ya maji yaliyochemshwa na kupoa, isipungue wala isizidi. Apolonia akampakatisha Dativa yule mtoto, akampa kijiko. Aliyemnyima ndiye atakayemnywesha, alisema, hata mkono umkatike.

Theodosia akaketi kando yao.

"Anayeharisha anapoteza maji, kwa hiyo anahitaji kunywa zaidi. Hilo hukulijua, mwanangu, na kutojua si kosa. Kosa ni kujifanya unajua. Dada yako anaposema yeye bado mwanafunzi, nenda zahanati, wewe unamwona hana kitu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kujua mgonjwa amezidi uwezo wako. Sifa za dada yako hazikukupunguzia chochote. Wivu wako ndio uliokaribia kumpunguzia Mama Fredy mtoto."

Dativa aliinamisha kichwa. Mara akahisi joto mapajani, kisha majimaji yakamteremka hadi miguuni. Akataka kuruka.

"Tulia hapo hapo," Restituta alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akacheka. "Amekojoa. Ndicho tulichokuwa tunakisubiri, maji yamemrudi mwilini."

Dativa akatulia, sketi imelowa chepechepe.

"Nimpe kijiko kingine, dada?"

"Mpe," Restituta alisema. "Polepole."