Vipimo vya Mteja wa Nukta

Wateja wa Shangazi walikuwa mia mbili na kumi na wawili, lakini simu mpya ya Mama Chiriku ilihesabu mia mbili na kumi na watatu.

Aliiona tofauti hiyo akiwa bado kibandani kwa fundi simu, akacheka. Mteja mmoja wa ziada ni riziki, alijiambia, na riziki haikataliwi.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alikuwa ameshona nguo miaka thelathini katika chumba kimoja chenye cherehani mbili. Tangu apate simu aliachana na daftari. Vipimo vyote aliviweka kwenye kamusi binafsi ya simu, ile sehemu ambayo wengine huongezea majina ya watoto wao ili simu isijitie ujuaji na kuyasahihisha. Yeye aliandika neno fupi tu, tuseme "mwl", na simu ikamalizia yenyewe: mwalimu wa hesabu, kifua 40, kiuno 36, mkono 23. Hakufundishwa na mtu. Macho yalipoanza kufifia, alimkabidhi Mama Chiriku chumba na cherehani, na simu akamwazima kwa wiki moja, kwa sharti.

"Uwaandike mmoja mmoja kwa mkono wako, mwanangu," alisema. "Ambaye sura yake huijui, muache humo humo. Halafu simu yangu unirudishie."

Mama Chiriku aliitikia "sawa, Shangazi" kwa adabu zote, akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa fundi simu. Watu mia mbili na kitu! Nani ana vidole vya kazi hiyo? Fundi simu aliitoa kamusi nzima kama faili moja, akaituma kwenye simu mpya, dakika mbili hazikuisha. Mama Chiriku alipomweleza kilichokuwa ndani ya faili, fundi simu alipiga makofi kwa furaha.

"Hii akili, Fundi! Mafundi cherehani wote wa mtaa huu wangefanya hivi, nani angepoteza vipimo?"

Simu ya Shangazi ilirudishwa jioni ile ile. Sharti lilivunjwa na hakuna aliyejua, na Mama Chiriku alilala usingizi wa mtu aliyepunguza kazi.

Asubuhi alimwandikia mwalimu ujumbe kwamba gauni lake liko tayari. Alipogusa nukta ya kumalizia sentensi, juu ya herufi pakaruka mstari wa namba: mabega 31, kifua 9, kiuno 9, nyonga 11, mkono 47, na nyingine, jumla vipimo tisa. Jina hapakuwa. Mkono wa inchi 47 ni wa nani, wa ngazi? Alidhani ni makosa ya macho mabovu. Kisha akakumbuka kitu alichokuwa akimtania Shangazi kila siku, kwamba ujumbe wake hauna nukta hata moja, maneno yanakwenda tu kama maji ya bomba bovu. Akaufuta mstari ule, akahesabu. Mia mbili na kumi na wawili.

Saa sita mchana aliandika ujumbe mwingine, akagusa nukta, namba zikaruka tena. Chumbani kulikuwa na harufu ya nguo inayoungua. Akageuka haraka kutazama pasi. Pasi ilikuwa ya baridi, waya wake umening'inia ukutani.

Safari hii kiuno hakikuwa 9 tena. Kilikuwa 22.

Alikuwa ameshika sare ya shule ya binti yake, kiuno chake inchi 22.

Binti huyo alikuwa na miaka minane, na jina la Chiriku alilipata kihalali, maana hata akipiga mswaki alikuwa anasimulia. Mchana ule alirudi kutoka shuleni, akaketi juu ya lundo la vitambaa, akakaa kimya. Mama yake alimpa maji. Mtoto alikunywa, kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama, nani ananipima?"

"Nani anakupima wapi?"

"Hapa." Alishika kiuno. "Vidole vyake vya baridi."

Mama Chiriku alimfunua shati. Kiunoni palikuwa na alama nyembamba nyekundu iliyozunguka kama mshipi, na ndani ya alama vistari vidogo vidogo, vimepangwa sawasawa, kama vya futi ya kupimia. Alipaka mafuta, alama haikutoka. Aliogopa, na aliogopa zaidi kusema kwamba anaogopa.

Kesho yake nyonga zikawa za Chiriku. Siku ya tatu kifua, ya nne mabega. Kila namba iliyofanana iliacha alama yake kwenye ngozi ya mtoto, na kila alama ilikwenda na sehemu ya maneno yake, kwanza hadithi za shule, kisha maswali, kisha hata kulia. Mama alifuta, alizima simu, aliifungia kabatini, na saa sita ilipofika alisikia kanyagio la cherehani ya pili, ile ambayo hakuna aliyeikalia tangu Shangazi aondoke, likishuka na kupanda, kwii, kwii, polepole, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukaa. Siku ya nane zilibaki namba mbili, na alipoiwasha simu aliona moja ikijigeuza mbele ya macho yake, ikabaki shingo peke yake, naye mtoto alikuwa amekaa pale pale juu ya vitambaa, wima, macho wazi, ameinua kidevu bila kuambiwa, kama anavyoinua mtu anayepimwa ukosi.

Hapo alipiga simu kwa Shangazi, akakiri yote huku analia.

Shangazi alifika kwa pikipiki na kopo lake la vifungo kifuani. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Mama Chiriku. Kutoka ndani ya kopo alitoa simu yake ya zamani.

"Ulinirudishia hii ukasema umewahamisha," alinong'ona. "Umemhamisha nani? Angalia." Aligusa nukta. Namba zote tisa zilikuwepo, mabega 31, mkono 47. "Wangu bado yumo, amelala. Ninyi mmemzidisha, sasa wako wawili. Wa kwako ameamka, na hana mwili."

"Ni nani, Shangazi?"

"Mteja. Aliingia mchana, kipindi cha jua kali, akasimama hapo ulipo. Kila nilipozungusha futi, namba inabadilika. Nikaandika kwa mazoea tu, mwanangu, na kwa kuwa hakutaja jina nikaweka nukta, mkono wa fundi una wazimu wake. Nilipoinua macho hakuwepo. Nilipofuta akarudi. Jini akishapimwa anasubiri nguo yake. Nikaona bora asubiri humu, maana akipewa nguo anapata umbo, na akipata umbo anatembea duniani."

"Na asiposhonewa?"

Shangazi alimtazama Chiriku. "Anatafuta nguo iliyokwisha kushonwa."

Mama Chiriku alipiga magoti. Shangazi alimshika bega, akavuta kiti cha cherehani ya pili.

"Nitashona mimi. Kwa vipimo vyake vya kwanza, apate cha kwake aache cha mtoto. Wewe kata. Na usiniulize bei yake."

Walikata kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mapazia. Mikono ya gauni ilipita meza ikalala sakafuni, na mabega yalikuwa na upana wa mlango mzima, lakini kifua kilikuwa chembamba kama chupa, na Shangazi alishona bila kuinua kichwa, uso umekaribia sindano, harufu ya kuungua ikizidi mpaka machozi yakawatoka, na kadiri mshono ulivyokwenda ndivyo Chiriku alivyozidi kuinua kidevu, na shingoni mwake pakaanza kujichora mstari mwekundu kutoka upande wa kushoto, kistari baada ya kistari, inchi moja, tatu, saba, na Mama Chiriku, aliyekuwa amemkumbatia, alihisi kati ya mikono yake na mwili wa mtoto kuna mikono mingine, mirefu, ya baridi, ambayo haikuwa na haraka.

"Tayari," alisema Shangazi, akakata uzi kwa meno.

Gauni lilitundikwa kwenye msumari. Likaning'inia tu kama nguo yoyote. Kisha bega moja lilijaa, na la pili. Mikono iliyokuwa imelala sakafuni ikajiinua, ikajipapasa kifuani, ikaupata ukosi na kuuweka sawa, kama afanyavyo mteja mbele ya kioo. Lilishuka msumarini. Mlangoni lilijikunja upande upande, likapita, pazia likarudi mahali pake. Nje jua lilikuwa kali, watu wanapita, na hakuna aliyepiga kelele.

"Mama," alisema Chiriku, "nina njaa, na kiatu changu kinabana, na wiki iliyopita mwalimu alimwita yule mwenye meno makubwa mbele ya darasa akashindwa kusoma, na—"

Mama yake alilia kwa sauti, akicheka humo humo. Simu ilihesabu mia mbili na kumi na wawili.

"Shangazi, amepona! Muone!"

Shangazi alikuwa akipapasa mezani. Mkasi ulikuwa mbele ya mkono wake, wazi kabisa, na alikuwa akiutafuta pembeni.

"Ndiyo bei yake," alisema. "Anayemshonea anamwachia macho. Usilie. Yalikuwa yamebaki machache."

Shangazi alihamia kwao tangu siku ile, akalala chumba cha nyuma na kopo lake la vifungo likabaki rafuni. Siku nne zilipita za kelele za Chiriku, na hakuna kelele iliyowahi kuwa tamu hivyo. Siku ya tano fundi simu alichungulia mlangoni, anang'aa kwa furaha.

"Fundi, ile kamusi yako imekuwa darasa! Nakala ilibaki kwangu, nimewawekea mafundi cherehani wote sita wa mtaa huu, kama mfano. Watayafuta majina ya wateja wako, waandike ya wateja wao. Bure kabisa, sikumtoza mtu."

Ilikuwa saa sita kamili. Chumba cha pili, kwa jirani yake, mmoja wa wale mafundi sita, mwenye kabinti ka miaka minne, cherehani ilinyamaza. Harufu ya nguo inayoungua ilipenya juu ya ukuta, ikafuatiwa na sauti ya kitoto, iliyojaa usingizi.

"Mama, nani ananipima?"

Mama Chiriku aliweka chini mkasi. Alimwita binti yake, akamshika mashavu, akamtazama kwa muda mrefu, nyusi, pua, pengo la meno, kovu la kidevuni, mpaka mtoto akauliza kama ana uchafu usoni. Akamwambia hana. Kisha akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo la vifungo, na kuanza kuitafuta simu ya Shangazi, yenye vipimo vile vya kwanza.