Mstari Niliomchorea Dada Yangu

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Kazi yangu ni kuchora ramani kwa kompyuta. Naandika haya nikilia, maana dada yangu Zaina amekufa... na mimi ndiye niliyemwambia ajenge pale!

Ziwa lilipoanza kupanda, lilimeza nyumba yake ya kwanza. Yeye na mume wake wakapata parseli, kiwanja cha kujenga, huko Minago, katikati ya michikichi. Akanijia. "Mudogo wangu, wewe uko na masomo. Maji itafika kule?"

Jamani, hata sikuinuka kwenye kiti! Nilichukua vipimo vya setilaiti, ardhi yote imegawanywa vimraba, na kila kimraba kina namba moja tu ya urefu. Kompyuta ikachora mistari ya mwinuko, ile ya kuonyesha ardhi inavyopanda na kushuka, laini, ya kupendeza... Parseli ikaonekana iko juu ya ziwa mita nyingi. Nikamwambia jenga, dada, usiogope.

Shemeji alibisha. Akauliza mbona akichimba kidogo tu anakuta maji? Nikamcheka mbele ya mke wake! Nikamwuliza kama yeye na jembe lake wanaishinda setilaiti. Kiburi gani kile, Mungu wangu?

Mvua zilipozidi, ziwa likaingia uani asubuhi moja. Zaina aliwatoa watoto wote watatu, akarudi ndani kuchukua cherehani yake. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, zimeshalowa... Ukuta ukamwangukia.

Baada ya mazishi ndipo nikaenda kupima udongo wenyewe. Ulikuwa karibu sawa na ziwa! Setilaiti ilikuwa imepima vichwa vya michikichi, si ardhi. Na kati ya kimraba na kimraba, kompyuta ilikuwa inakisia tu. Mimi, niliyelelewa kwa mawese, nilisahau kwamba michikichi ni mirefu!

Wenzangu mnaochora, nawaomba, nendeni mkaikanyage ardhi yenyewe kwanza. Na ninyi mnaoonyeshwa ramani nzuri, mwulizeni aliyeichora kama amefika mahali penyewe. Akisitasita, ondokeni.

Shemeji hakunitukana hata siku moja. Juzi alikuja na watoto, akakaa, akasema amepewa parseli nyingine. Kisha akaniuliza kwa upole kama pale maji haitafika.

Nilishindwa kumtazama. Nilichukua viatu vyangu, nikamwambia twende.