Nduma-Mwitu Sandukuni

Simu iliingia kituoni saa nne asubuhi. Majirani wa mtaa wa Bulla Pesa walisema kuna maiti inaoza nyumbani kwa Mwalimu Dahir.

Inspekta Farhiya alifika na Konstebo Nangiro, wote wameziba pua. Nyumba hiyo Farhiya aliijua. Wiki sita nyuma mtu alikuwa amemwibia mwalimu kiazi cha nduma-mwitu, mmea adimu wa msituni ambao kwa miaka mitatu mwalimu alikuwa akijaribu kuukuza kivulini. Farhiya alimkamata Ekaale, mtunza bustani. Mikono yake ilikuwa imevimba kwa utomvu wa mmea huo, na mke wa mwalimu, Wato, aliapa kwamba alimwona akitoka na gunia.

Ekaale bado alikuwa rumande. Kila Jumatatu mkewe alikuja kituoni akaketi benchini hadi jioni, na Farhiya alikuwa ameanza kuichukia siku hiyo.

"Salaam aleikum, mama. Mwalimu yuko?"

"Aleikum salaam," Wato akajibu mlangoni. "Ameenda Garbatulla juzi. Anarudi leo."

"Hii harufu inatoka wapi?"

"Panya amekufa."

"Panya wa kilo ngapi, mama?" Nangiro akauliza.

Walifuata pua zao hadi chumbani, kwenye sanduku la bati. Wato aliwatangulia akalikalia.

"Hii sanduku ni ya marehemu mtoto wangu. Ni nguo tu."

"Simama, mama. Tafadhali."

Hakukuwa na maiti. Juu ya shati lililokunjwa kulikuwa na kiazi kikubwa, bila udongo, bila tone la maji. Kilikuwa kimetoa ua moja lenye rangi ya ini bichi, limejipinda chini ya kifuniko. Ndilo lililonuka mzoga. Hivyo ndivyo linavyoita nzi. Ubavuni mwa kiazi palikuwa na kovu la kisu.

Farhiya aliona haya. Ekaale aliutunza mmea ule kila siku, ndiyo maana mikono yake ilivimba; asingethubutu kukitia kisu kiazi kile, na anayekikata ndiye huchomwa vibaya zaidi na utomvu. Siku ya wizi Wato alikuwa na hina mbichi hadi viwikoni. Mama aliyezika mwanawe miezi miwili tu iliyopita, na hina wapi na wapi? Yeye, binti wa papa hapa Isiolo, aliiona akaipita.

"Ile hina ilikuwa ya kuficha vipele."

Wato aliificha mikono yake ndani ya mtandio.

"Una haki ya kukaa kimya, mama. Lakini Ekaale ana watoto wanne."

"Najua. Mkubwa alisoma na Abduba wangu."

"Kwa nini ukamsingizia?"

"Mliniuliza nani huingia kwa bustani. Yeye tu ndiye huingia."

"Na kiazi?"

"Abduba alianguka kwa jabali akileta hiyo kitu. Baba yake ndiye alimtuma. Tulizika Ijumaa. Jumamosi asubuhi baba yake yuko kwa bustani, anapanguza majani ya hiyo kitu na kitambaa. Nikataka kuikata, ikanichoma. Kutupa nikashindwa, mtoto aliichimba na mkono wake. Nikaiweka hapa kavu, ikufe polepole."

"Nduma hii hulala kiangazi, mama. Ukavu ndio ulikuwa usingizi wake, na ikiamka huchanua. Mwalimu alinieleza."

"Wewe alikueleza," Wato akasema. "Mimi hajakaa na mimi hata siku moja tangu tuzike."

Farhiya alimwekea karatasi na kalamu mapajani.

"Ekaale atatoka?" Wato akauliza.

"Andika hayo uliyosema. Nitayapeleka kortini mimi mwenyewe, leo."

Wato aliandika polepole. Hakuwa amefika mwisho mlango ulipofunguliwa, Mwalimu Dahir akaingia na vumbi la safari. Aliwaona polisi. Alimwona mkewe akilia, kalamu mkononi. Aliliona sanduku wazi, na ua juu ya shati la mwanawe.

Akapiga magoti mbele ya sanduku.

"Limechanua lini?" akauliza.

Wato alimgeukia Farhiya.

"Umemsikia," akasema, akatia sahihi.